Mkia wa Mtoto wa Mbwa

Kijana mmoja katika wanaohudhuria darsa yetu alituletea suali ambalo waliokuwapo walilicheka. Yeye ni mtumishi katika nyumba ya bwana mmoja anayezalisha mbwa wadogo wa namna ya Yorkshire terrier na kuwauza. Kila wazaliwapo watoto huitwa awashike mkononi, na mwenye nyumba huwakata mikia kwa mkasi. Kijana akauliza: Je, ana dhambi yeye ambaye kazi yake ni kushika tu? Mwenzetu mmoja akamjibu papo hapo, "Mbwa ni najisi, wautakia nini mkia wake?" Watu wakacheka, nasi tukacheka kidogo, na kicheko hicho ndicho kilichotutia haya tulipokwisha kurudi nyumbani.

Kwanza yafaa tuijue kazi yenyewe, kwani jambo halihukumiwi kabla ya kufahamika. Mtoto wa mbwa hukatwa mkia akiwa na umri wa siku mbili hata tano, macho yake hayajafumbuka. Wengine hukata kwa mkasi au kisu baina ya pingili mbili za mfupa, na pengine hushona uzi mmoja. Wengine huuvisha mkia pete ya mpira yenye kubana sana, damu isipite, mpaka sehemu iliyo mbele ya pete ife, ikauke na kuanguka yenyewe baada ya siku kadhaa. Mara nyingi yote haya hufanywa bila ya dawa ya ganzi, kwa kudai kwamba mishipa ya fahamu ya mtoto haijakomaa. Lakini mwaka 1996, huko Australia, wachunguzi waliwatazama watoto 50 wenye umri wa siku tatu hata tano wakikatwa, na wote walilia pale mkia ulipotoka. Tena baadhi ya mishipa iliyokatwa huweza kufanya kifundo ndani ya kovu, kikawa chauma hata mbwa akishakuwa mzima.

Ada hii ni kongwe. Columella, Mrumi aliyeandika juu ya kilimo katika karne ya kwanza ya miladi, alishauri ncha ya mkia iondolewe mtoto atimizapo siku arubaini, akidhani kwamba itamkinga na kichaa. Leo kila mtu ajua kuwa kichaa huambukizwa kwa kuumwa na mnyama mwenye ugonjwa, na kinga yake ni chanjo. Dhana imekufa, ada imebaki. (Nasi tunazo ada za namna hiyo, ila si mahali pake hapa.)

Ama hao mbwa wa Yorkshire, walizalishwa katika karne ya kumi na tisa na wafanya kazi wa viwanda vya nguo vya kaskazini ya Uingereza, wapate kuua panya. Ikasemwa kuwa mkia mrefu hujeruhiwa kazini. Yawezekana kulikuwa na udhuru siku hizo. Lakini mbwa wa leo hulalia mto, na panya hamjui. Uchunguzi uliotolewa Uingereza mwaka 2010 ulikadiria kuwa hapana budi kukata mikia ya mbwa kama 500 ili kumwokoa mmoja na jeraha la mkia. Hata huko England ukataji wa kutafuta sura umekatazwa tangu mwaka 2007, ila mbwa wa kazi maalumu wakiwa na ushahidi wa daktari wa wanyama.

Basi linalobaki ni sura, yaani jicho la mnunuzi. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 119, kuyapasua masikio ya wanyama na kugeuza alivyoumba Mwenyezi Mungu kumetajwa kuwa ni katika aliyoahidi shetani kuwaamrisha watu. Na katika hadithi sahihi, Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kumkata mnyama viungo vyake hali yu hai. Imamu Nawawi, naye ni katika nguzo za madhehebu yetu, hakuruhusu hata kumhasi mnyama asiyeliwa.

Pana atakayesema: Mbona Mtume (S.A.W.) aliwatia alama ngamia wa sadaka kwa moto? Kweli, nayo ilikuwa ni haja, mali ya mafakiri isipotee, na hapo hapo akakataza alama ya usoni. Mwengine atasema: Mbona twawatahiri watoto wetu? Hiyo ni ibada tuliyoamrishwa, na faida yake ni ya mtoto mwenyewe. Mtoto wa mbwa hana ibada, na hafaidiki kwa kukatwa. Faida ni ya mwenye kuuza.

Sasa nirudi kwa aliyesema ni najisi. Hukumu ya najisi imewekwa kwa ajili ya chombo chetu na nguo yetu na sala yetu. Haikuwekwa ili kutupa ruhusa ya kumtesa. Mtu aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake alisamehewa, na mbwa yule alikuwa ni mbwa kama hawa. Wala ubaya wa kufuga mbwa pasi na haja, ambao twaujua, si dhambi ya mbwa.

Na mwenye kushika je? Mkasi haufanyi kazi bila ya mkono ule wa pili. Twamwambia kijana wetu amweleze bwana wake kwa adabu kwamba kazi zote za nyumba atazifanya ila hii. Twajua kuwa mshahara hauokotwi njiani, na kwamba sisi tulioketi kwenye mkeka twasema kwa wepesi. Akiogopa kufukuzwa, na amwombe bwana kwanza amwite daktari wa wanyama amshauri. Huenda daktari akasikizwa zaidi kuliko mtumishi.

Na ikiwa wamekwisha kukatwa, basi kuwatunza ni wajibu bila ya shaka. Warejeshwe kwa mama yao upesi wapate joto na maziwa. Matandiko yawe makavu na yabadilishwe kila siku. Wasioshwe wala wasipakwe majivu au mafuta ya taa. Jeraha litazamwe asubuhi na jioni. Likitoka damu isiyokoma, au likavimba, au likanuka, au mtoto akaacha kunyonya, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Kijana akisha kuwahudumia, penye unyevu ataosha mikono yake mara saba, moja kwa udongo, kama alivyosoma, kisha asubuhi arudi kuwatazama.