Wito Haulipi Kodi ya Nyumba

Kuna kazi ambayo sijawahi kumsikia mtoto akisema ataifanya akikua: kumshauri mwajiri. Daktari, rubani, hata mtu wa TikTok, sawa. Lakini kukaa ofisini ukipokea simu ya mwalimu mkuu anayetaka kujua kama anaweza kumfuta mtu kazi kabla ya muhula kuisha? Hapana. Na bado kuna wanaoifanya, na kuna kundi lao moja ambalo nimelifikiria sana, kwa sababu ndani ya kazi yao kuna swali ambalo wengi wetu tunalikwepa: je, unaweza kumtumikia bosi na haki kwa wakati mmoja, hasa kama bosi mwenyewe ndiye anayehubiri haki?

Kundi hilo liko Australia. Kanisa Katoliki huko ni mwajiri mkubwa ajabu: zaidi ya watu laki mbili katika shule, hospitali, nyumba za wazee na mashirika ya misaada. Maaskofu waliunda chombo cha kuwashauri juu ya mambo ya kazi, Tume ya Kikatoliki ya Mahusiano ya Kazi ya Australia, kwa kifupi ACCER. Dayosisi nazo zimekuwa na ofisi za aina hiyo. Ukiitazama kwa nje, timu inayosimamia ofisi kama hii haina maajabu. Ni watu wa sheria, watu wa mikataba, watu wa kukaa mezani na vyama vya wafanyakazi. Wanafanya yale ambayo HR yeyote hufanya. Tofauti ni kwamba mteja wao amesema hadharani anaamini nini, tena kwa maandishi.

Maandishi yenyewe ni ya zamani. Tarehe 15 Mei 1891 Papa Leo XIII alitoa waraka wa Rerum Novarum. Ndani yake kuna hoja ambayo bado inauma: mfanyakazi kukubali mshahara hakuufanyi mshahara huo kuwa wa haki. Kama alikubali kwa sababu hana la kufanya, ameonewa tu. (Papa wa sasa alipochagua kuitwa Leo XIV mwaka 2025, alieleza kwamba alikuwa akimkumbuka huyo wa waraka.)

Miaka 16 baada ya waraka, mjini Melbourne, jaji H. B. Higgins, mtoto wa mhubiri wa Kimethodisti, aliombwa aamue kama mshahara unaolipwa na H. V. McKay, mwenye kiwanda cha mashine za kuvunia, ulikuwa wa haki. Hakuuliza soko linalipa ngapi. Aliuliza binadamu anaishi kwa ngapi. Akapiga hesabu ya nyumba, mkate, nyama, maziwa na kuni za kibarua asiye na ujuzi, mwenye mke na watoto kama watatu, akatoka na shilingi 7 kwa siku. Sheria iliyomleta McKay mbele yake ilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka uliofuata, 1908, lakini kipimo kilibaki na kikaongoza mishahara ya nchi hiyo kwa miongo mingi. Kipimo hicho pia kilimhesabu mwanamke kama mke, si kama mfanyakazi. Malipo sawa yalisubiri maamuzi ya 1969 na 1972. Nalisema hili msije mkadhani nimejiunga na kwaya.

Sasa, kila mwaka Australia huupitia upya mshahara wa chini, siku hizi mbele ya Tume ya Fair Work. Waajiri huja na nyimbo unazozijua: uchumi mgumu, biashara ndogo zitafungwa, ajira zitapotea. ACCER, chombo cha waajiri, ilikuwa ikienda huko kwa miaka mingi kuomba mshahara huo upandishwe, kwa hoja kwamba familia za wanaolipwa kidogo haziwezi kuishi kwa heshima. Hebu fikiria. Hapa kwetu tumezoea kumsikia rais akitangaza asilimia siku ya Leba Dei, 6 mwaka 2024, 12 mwaka 2025, huku waajiri wakiguna pembeni. Picha ya mwajiri akimpokonya COTU kipaza sauti ili aombe nyongeza iwe kubwa zaidi, mimi haiingii akilini.

Lakini mtu mwenye shaka atasema hiyo ni rahisi, na mimi nina shaka. Ukiomba serikali ipandishe sakafu, unaomba kila mtu alipe, na mpinzani wako hatakupita kwa bei. Tena walimu na wauguzi wako wengi tayari wanalipwa juu ya sakafu hiyo. Mtihani wenyewe uko kwenye meza yako. Mwaka 2022 walimu wa shule za Kikatoliki katika jimbo la New South Wales waligoma mwezi Mei, kisha Juni 30 wakagoma tena, safari hii pamoja na wenzao wa shule za serikali. Walilalamikia mshahara na kazi iliyozidi. Serikali ya jimbo ilikuwa imeweka kikomo cha nyongeza kwa watumishi wake, na mishahara ya shule za Kikatoliki kwa kawaida hutazama ile ya serikali. Kwa hiyo mwajiri alikuwa na jibu la kisheria na la kihasibu. Swali ni kama alikuwa na jibu la Leo XIII.

Mganga hajigangi, wazee walisema, na hapa nyumbani dawa hiyo hiyo imekataa kushuka kooni. Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki wa Kenya waliikosoa serikali bila kumung'unya maneno, na dayosisi kuu ya Nairobi ikakataa mchango wa rais. Nilifurahi kama kila mtu. Ila nina rafiki ambaye ni muuguzi katika hospitali ya misheni, sitaitaja. Kila akiuliza habari ya mshahara uliochelewa anaambiwa kazi hii ni wito. Mwezi wa tatu akaniuliza, bila kucheka, "Sasa mwenye nyumba nimwambie naye ameitwa?"

Hilo neno wito ndilo ninaloligombania. Ni neno zuri. Linaeleza kwa nini mtu anaamka saa tisa usiku kumgeuza mgonjwa asiye wake. Lakini wito ni wa yule aliyeitwa. Ni yeye tu anayeweza kuutoa sadaka. Mwajiri akiutaja wakati wa mshahara, ameuchukua bila ruhusa na kuugeuza punguzo la bei.

Wakati huo huo sitaki kudanganya kwamba ni ukatili mtupu. Hospitali nyingi za misheni zimelalamika hadharani kwamba bima ya afya ya serikali inazidai, samahani, zinaidai mabilioni ya shilingi. Msimamizi anaweza kuwa mtu mwema kabisa, akaunti ikawa tupu. Hapo ndipo mshauri anapohitajika, na hapo ndipo wengi huanguka, kwa sababu njia nyepesi ni kumwandikia bosi barua tamu ya kuwaomba wafanyakazi subira. Mshauri mwaminifu angemwambia: fungua vitabu vya hesabu, waonyeshe unadaiwa nini na unadai nini, anza kukata kwa walio juu, kisha ndipo uombe subira. Pengine chama cha wafanyakazi kitabisha bado. Lakini watabishania hesabu, si utakatifu wa mtu.

Simtaki mshauri wa mwajiri asiwe na upande. Ana upande, analipwa kwa ajili hiyo, na akijifanya refa ndipo anapoanza kudanganya. Ninachomdai ni kitu kidogo zaidi na kigumu zaidi: yale anayoyasema hadharani kwa jina la mteja wake, mfanyakazi wa mteja huyo awe na haki ya kuyachukua na kuyaweka mezani dhidi yake. Kama ofisi imeiambia tume ya mishahara kwamba familia haiwezi kuishi kwa pesa kadhaa, basi mfagiaji wa shule ya dayosisi aweze kuingia na ukurasa huo mkononi, na mtu wa kwanza kuutambua awe yule aliyeuandika, amekaa upande wa pili.

Nikipata nafasi ya kukaa na timu kama ile, sitauliza maono wala dhamira. Hizo huandikwa ukutani kila mahali. Nitauliza mwaka uliopita walimwambia askofu "hapana, sheria inaruhusu lakini usifanye" mara ngapi, na kama aliyesema hivyo bado ana kazi.