Mkono Wako Ni Shilingi Ngapi?

Mtu akianguka mjengoni, neno la kwanza kusikika ni pole. Ni neno zuri, sina ugomvi nalo. Shida inaanza pale pole inapogeuka kuwa pesa. Kontrakta anafika hospitali na mkate, maziwa na elfu tano, anasema "hii ni pole yangu", mgonjwa anashukuru, mama yake anamwombea kontrakta dua, na maneno yanaishia hapo. Mimi nafanya kazi na vijana hapa Kakuma, wengi wao ni saidia fundi, na nimeliona jambo hili mara nyingi mpaka limekuwa kama desturi. Kwa hivyo nauliza: hiyo elfu tano ni zawadi, ama ni deni lililopunguzwa bila mwenyewe kuambiwa?

Tofauti si ndogo. Zawadi anaipima anayetoa, na anayepokea kazi yake ni kushukuru. Deni lina kipimo chake, na anayelipwa ana haki ya kuhesabu mbele ya mlipaji na kusema bado. Watu wetu wanaona aibu kuhesabu. Wanasema ni kadari, ukidai ni kama humridhii Mungu. Mimi pia naiamini kadari. Lakini yule kontrakta naye anaiamini, na bado mtu akimwibia saruji anakwenda polisi. Kwa nini kadari iwe ya kunyamazisha aliyevunjika mguu peke yake?

Sheria ya Kenya haijui neno pole. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, hii ambayo mawakili wanaiita WIBA, inasema mwajiri anawajibika kumfidia mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini. Haimlazimishi mfanyakazi kuthibitisha kwamba bosi alikosea. Hata ukiteleza mwenyewe, umeteleza ukiwa kazini. Mkataba wa kazi unaweza kuwa wa mdomo, kwa hivyo lile neno la "wewe hukuandikwa" halimalizi kesi. Mwajiri aarifiwe, na yeye aripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7. Dai lipelekwe kabla miezi 12 haijapita. Hiyo miezi 12 ndiyo inayowamaliza vijana. Wanangoja kupona kwanza, halafu wanangoja ahadi, mwisho mwaka umekwisha.

Sheria hii yenyewe ilikaa mahakamani miaka mingi. Chama cha mawakili kilipinga baadhi ya vifungu vyake, kikiwemo kile kinachomzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri moja kwa moja mahakamani. Mahakama Kuu ikakubaliana nao mwaka 2009, Mahakama ya Rufani ikakataa mwaka 2017, na Mahakama ya Juu ikalifunga jambo Desemba 2019: sheria ikabaki. Maana yake ni kwamba mfanyakazi amepoteza kitu, mlango wa kwenda kwa jaji kwanza, akapata kingine, kulipwa bila kuthibitisha kosa. Mimi naona ni biashara nzuri kwa mtu asiye na wakili, ikiwa kweli atalipwa.

Lakini angalia jinsi inavyohesabu. Anayelemaa kabisa maisha yake yote hulipwa mapato ya miezi 96. Anayepoteza sehemu, tuseme kidole ama jicho moja, huhesabiwa asilimia ya hayo. Sasa chukua watu wawili walioanguka kutoka ngazi moja siku moja, wote wakalemaa. Tuseme mmoja alikuwa akipata 40,000 kwa mwezi. Hesabu yake ni 3,840,000. Mwenzake, mkimbizi, alikuwa akipata 8,000. Hesabu yake ni 768,000. Uti wa mgongo ni ule ule. Yaani aliyelipwa kidogo alipokuwa mzima analipwa kidogo tena anapovunjika, na ule udogo wa kwanza ndio unaotolewa kama sababu ya udogo wa pili.

Watu wa sheria watanijibu kwamba fidia si bei ya mwili. Mwili hauna bei, wanachofidia ni mshahara uliopotea. Nalielewa jibu hilo na sehemu yake nakubaliana nayo. Lakini mkono si wa kubebea karai tu. Ni wa kutawadhia, wa kumshika mtoto, wa kuvuta jarife. Ukisema unalipia mshahara peke yake, umesema hayo mengine yote ni bure.

Kwenye madrasa tulisoma hesabu tofauti. Diya ya mtu ni ngamia 100, ya mkono mmoja ni ngamia 50, na kila kidole ni ngamia 10, kiwe gumba ama cha mwisho. Hakuna anayeuliza mkono ulikuwa unaingiza shilingi ngapi. Imamu Shafii ametaja katika kitabu chake Ar-Risala kwamba Umar alihukumu vidole kwa manufaa yake: gumba ngamia 15, viwili vinavyofuata 10 kila kimoja, cha nne 9, cha mwisho 6. Ukijumlisha ni 50, hesabu imekaa sawa kabisa. Baadaye ikapatikana barua ya Mtume kwa jamaa wa Amr bin Hazm ikisema kila kidole ni 10, na hukumu ya Umar ikaachwa. Mimi hapo huwa nasimama. Hesabu ya Umar ilikuwa na akili kama ya ile sheria ya 2007: gumba linafanya kazi zaidi, lilipwe zaidi. Ikaachwa kwa hesabu isiyouliza kidole kinafanya nini. (Najua wanazuoni wamesema diya ya mwanamke ni nusu, na dada zetu wanaobeba maji ya zege wana swali lao hapo. Hilo linataka insha yake.)

Nilipoyasema haya kwenye kikao chetu cha vijana, ustadhi mmoja alinirekebisha, na alikuwa na haki. Diya ni ya mtu aliyeumizwa na mtu. Aliyeajiriwa kuchimba kisima kikamporomokea, wanazuoni wengi wamefahamu kutoka kwenye hadithi kwamba aliyemwajiri hadaiwi kitu. Kwa hivyo fundi aliyeanguka mwenyewe kutoka kwenye jukwaa huenda asipate ngamia hata mmoja. Bas, hapo sheria ya serikali imeona jambo ambalo hesabu ya ngamia haikulifikia. Imeona kwamba kuna watu ambao kazi ya kila siku inawaweka juu ya mbao mbili, na kwamba anayefaidika na jengo abebe pia sehemu ya hatari yake.

Na kuna jambo la pili, ambalo sisi watu wa Burgao tunalijua bila kufundishwa. Diya kwa desturi ya Kisomali, ile wanayoiita mag, hailipwi na mtu mmoja. Inachangwa na ukoo wa aliyeumiza na kupokewa na ukoo wa aliyeumizwa. Wazee wanakaa, wanahesabu, wanamalizana. Inafanya kazi vizuri ukiwa na ukoo mkubwa wa kukukalia. Mbajuni alikuwa na nani? Visiwani na kwenye mwambao kuanzia Kismayo kushuka mpaka Ras Kamboni sisi ni wavuvi na wakata boriti, watu wachache, bila bunduki. Vita vilipokuja 1991 hakukuwa na kikao cha wazee kilichotulipia nyumba wala mashua. Haki inayotegemea wingi wa jamaa zako ni nzuri kwa wenye jamaa. Ndiyo maana, pamoja na malalamiko yangu yote juu ya ile miezi 96, naipenda karatasi. Karatasi haikuulizi wewe ni ukoo gani.

Sasa turudi hapa kambini, kwa sababu ndugu zetu wa mashirika pia wanasoma jarida hili. Mkimbizi anayefanya kazi na shirika halipwi mshahara, analipwa insentivu. Jina hilo lilipatikana kwa sababu ruhusa ya kufanya kazi ilikuwa ngumu, kwa hivyo tukaitwa watu wa kujitolea. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imefungua mlango kidogo, lakini jina halijaondoka. Mimi naomba swali moja lijibiwe wazi: mtu wa insentivu akivunjika akijenga darasa, ni mfanyakazi ama ni mtu aliyejitolea? Kama ni mfanyakazi, mapato yake yatahesabiwa vipi, kwa ile insentivu ama kwa mshahara ambao kazi ile ile inalipwa kwa mwingine? Maoni yangu ni hayo ya pili. Bei ya chini tuliyokubali kwa sababu hatukuwa na njia isifanywe kipimo cha mifupa yetu.

Kalobeyei kuna fumbo gumu zaidi. Kule familia nyingi zimepewa pesa za kujijengea nyumba zenyewe. Wanatafuta fundi, wananunua mabati, wanasimamia. Ni mpango mzuri, unampa mtu heshima ya kuamua dirisha liwe wapi. Lakini fundi akianguka kwenye nyumba ya mjane mwenye watoto watano, mwajiri ni nani? Ukifuata maneno ya sheria, kidole kinaweza kumwelekea yule mama. Hana kitu isipokuwa mabati aliyoyanunua. Kumwambia fundi akamdai yeye ni kuwapiganisha maskini wawili, na kumwambia fundi asidai ni kurudi kwenye pole. Nadhani jibu liko kwa aliyepanga bajeti. Sheria inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Basi kwenye zile pesa za saruji, misumari na mabati kuwe na fungu la bima tangu mwanzo, lilipwe kabla ukuta haujasimama. Gharama ya nyumba haijatimia kama haina hesabu ya anayeijenga.

Kwa sasa tunafanya tunachoweza. Vijana wetu tumewaambia wanunue daftari. Waandike tarehe, jina la aliyewaita kazini, kiasi walicholipwa, wapige picha ya mahali pa kazi. Mtu akiumia, mwajiri atumiwe ujumbe siku hiyo hiyo, na ujumbe usifutwe. Fomu ya daktari isipotee. Wengine wanatucheka, wanasema afisa ataitoka Lodwar, kilomita 120 hivi, kuja kusoma daftari lako? Pengine haji. Lakini asiyeandika hana hata cha kumsubirisha afisa.

Kuna kifungu kimoja ambacho huwa nawasomea, cha 24 katika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Kenya iliuingia mwaka 1966. Kinataka mkimbizi anayekaa nchini kihalali atendewe kama mwenyeji katika mambo ya kuumia kazini. Kisha kinasema kwamba mkimbizi akifa kwa ajali ya kazi, haki ya fidia haipotei kwa sababu anayestahili kuipokea anaishi nje ya nchi. Kwa maneno mengine, mama aliye Burgao, ambaye mwanawe ameangukia zege Kakuma, bado ni mdai, ingawa hajawahi kuvuka mpaka. Mara ya kwanza nilipokisoma kikaoni, kijana mmoja aliuliza, "Na nani atamwambia?" Tuliandika kwenye ukurasa wa mwisho wa kila daftari jina la mzazi, kijiji, na namba ya simu ya mtu wa karibu mwenye mtandao.