Unaposema "Amina", unajibu nini?

Tumsifu Yesu Kristo! Najua umeshajibu kimoyomoyo: "Milele, Amina." Hata kwenye meseji kidole kinaandika chenyewe. Leo tulitazame hilo neno la mwisho tu.

Vijana wapendwa, Amina ni neno la Kiebrania. Wagiriki walilipokea, Walatini wakalipokea, wakaliacha bila kulitafsiri. Mzizi wake unataja kitu kilicho imara, unachoweza kukiegemea. Na sisi wa Kiswahili tuna bahati, maana Kiarabu ni ndugu wa Kiebrania, na kupitia Kiarabu mzizi huohuo umetupatia amini, imani, amani na amana. Ukoo mzima tunao mdomoni!

Soma Kumbukumbu la Torati sura ya 27. Walawi wanatamka laana 12, na kila moja watu wote wanaitikia Amina. Anayeitikia anajiweka chini ya neno lile: nikisogeza mpaka wa shamba la jirani, inipate mimi. Kumbe si nukta ya kumalizia sala ili tukae chini. Ajabu ni kwamba Bwana Yesu aliitanguliza Amina kabla hajasema neno, na katika Injili ya Yohane huitamka mara mbili mbili. Ufunuo 3:14 unamwita yeye mwenyewe Amina.

Sasa twende kwenye foleni ya Komunyo. "Mwili wa Kristo." Unajibu, unapokea, unageuka. Sekunde chache tu. Mtakatifu Augustino, katika hotuba yake ya 272, aliwaeleza waliotoka kubatizwa kwamba wao wenyewe ni Mwili huo wanaouitikia. Basi wawe viungo vyake kweli, ili Amina yao iwe ya kweli. Hapo ndipo panapouma. Yule uliyembloki tangu mwaka jana ni kiungo. Dada ambaye picha yake uliisambaza kwenye grupu, naye yumo. Na zile hela za kikundi ulizokabidhiwa uzitunze, halafu "ukazikopa" kidogo? Hiyo ni amana, ndugu yangu, neno la ukoo uleule.

Bado kuna siku kabla ya Jumapili. Ifute hiyo picha, mpigie dada wa watu umwombe radhi, rudisha hela, kisha umtafute padre kwa kitubio. Foleni utaikuta palepale.