Anwani

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha neno anwani mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa katika barua: anwani hukaa pembeni, upande wa kulia, nayo hubeba sanduku la posta na ile 50100 ya Kakamega. Mara ya pili ilikuwa katika insha: anwani hukaa juu, katikati, nawe huipigia mstari. Neno ni lile lile. Ni jina la ulichokiandika, na ni njia ya kukufikia. Hakutueleza imekuwaje, nasi hatukuuliza. Saa saba ilikuwa inakaribia na harufu ya githeri ilishafika darasani.

Nimelirudia neno hilo nikiwa mtu mzima, nimeketi katika nyumba ya marehemu mama hapa Mukumu, mvua ya alasiri ikipiga mabati. Mvua ya huku humfundisha mtu kunyamaza, maana hata ukisema hakuna atakayekusikia.

Huandika tafakari fupi na kuzichapisha mtandaoni kwa WordPress, programu iliyotolewa mwaka 2003. Ukiipa kichwa cha habari, yenyewe hukitengenezea anwani. Huzishusha herufi kubwa zote ziwe ndogo. Hufuta koma, nukta, kiulizi na alama ya hisi. Palipokuwa na nafasi hutia kistari, maneno yakashikana mikono kama watoto wanaovuka barabara ya Kisumu. Wenye kazi hiyo hukiita kinachobaki slagi, neno lililotoka kwa wachapaji wa magazeti, enzi za herufi za risasi.

Wiki tuliyomzika mama niliandika tafakari na kuiita "Kwa nini, Mungu?" Mashine ikaandika: kwa-nini-mungu.

Niliikodolea macho. Koma haikuwepo, ile pumzi niliyoivuta kabla ya kulitaja jina. Kiulizi hakikuwepo, kilio changu kimelala chini kama sentensi ya kawaida. Lakini lililonichoma ni kwamba Mungu amekuwa mungu. Msomaji wa Kiswahili anajua kuna umbali gani kati ya hizo m mbili. Kwa kubwa ni Yeye. Kwa ndogo ni kinyago, kitu cha kuchongwa, kinachoweza hata kuwa na wingi. Nikajaribu kurekebisha, kwa kuwa programu inaruhusu kuiandika slagi kwa mkono. Nikatia M kubwa, nikahifadhi, nikatazama. Imeishusha tena.

Basi nikakaa na jambo hilo moyoni. Misheni ya Mukumu ilianzishwa na mapadre wa Mill Hill mwanzoni mwa karne ya 20, na vizazi kadhaa vya ukoo wetu vimebatizwa huku. Kila Noeli tunaambiwa habari ile ile, kwamba aliyekuwa juu alishuka, akakubali udogo, akazaliwa safarini wakati wazazi wake wakienda kuandikwa katika sensa kama raia wowote. Tunaisikia, tunaimba, tunarudi nyumbani kula kuku. Mimi ilinibidi nione herufi moja ikishushwa kwenye simu yangu ndipo niihisi. Simaanishi kwamba mashine ina teolojia. Inafuata kanuni chache tu, na haijui imemgusa nani.

Ritifaa nayo huanguka. Mwaka jana niliandika juu ya asubuhi niliyotumia shambani na shangazi, tukitoa viazi vitamu ardhini baada ya mvua. Kichwa kilikuwa "Kung'oa Viazi", anwani ikawa kungoa-viazi. Sasa ngoa, kwa Waswahili wa pwani, ni hamu, ni wivu wa mapenzi. Mimi nilikusudia jembe, anwani ikataja moyo. Na sisi Waisukha, watu wa kupiganisha mafahali, tumebaki na ngombe.

Hata isukuti haikunusurika. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma hiyo ya Isukha na Idakho katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, na ukurasa wake mtandaoni una slagi ndefu ya Kiingereza, herufi ndogo tupu na vistari, ikimalizikia kwa namba. Isukuti hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Kwenye slagi hakuna kubwa. Nimejaribu kuuonea uchungu mlolongo ule nimeshindwa, kwa kuwa ndio unaomfikisha mtu aliye Muscat au Toronto hadi kwenye ngoma yenyewe, na akifika huko hukuta sauti zote tatu.

Mwaka ulipopita niliisoma upya tafakari ya mama. Hasira ilikuwa imetulia. Nikafuta kichwa, nikaandika "Asante, Mama". Juu ya ukurasa sasa pana shukrani, lakini anwani imebaki kwa-nini-mungu, kwa sababu programu haiigusi ikishachapishwa. Watu wameshaelekezwa kwayo. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, aliandika mwaka 1998 akiwasihi wenye tovuti wasibadilishe anwani ovyo. Kichwa ni chako, kibadilishe upendavyo. Njia ni ya wanaokuja.

Katika Biblia nako, Yakobo alipigana mweleka hadi alfajiri kwenye kivuko cha Yaboki, akapewa jina jipya, Israeli. Ukisoma haraka utadhani la zamani limezikwa pale mtoni. Lakini miaka mingi baadaye, akiwa mzee, njiani kwenda Misri, Mungu anamwita usiku, na anamwita Yakobo. Mara mbili. Jina la yule aliyemshika nduguye kisigino. Zamani sehemu hiyo ilinipa shida, nikidhani mwandishi amesahau. Siku hizi ndipo ninapopunguza mwendo ninaposoma.

Mara ya mwisho nilipotoka Kakamega mjini nilishuka stejini na kumwelekeza kijana wa boda kwa urefu, kanisa hapa, kona pale, mpaka akanikatiza.

"Aa, kwa Mama Mandazi! Si ungesema tu, dada."

Mama aliacha kukaanga mandazi nikiwa shule ya msingi. Baadaye akawa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na alipenda sana kuitwa hivyo. Kijana yule hakuwa amezaliwa wakati karai lilipotundikwa ukutani.

Leo, kwa huzuni nyingine ambayo sitaieleza hapa, nilikaa kuandika. Kichwa kilikuja chenyewe, kwa jinsi kilivyokuja kile cha kwanza, nami nilikuwa nimeshasahau kwamba kiliwahi kuja. Nilikuwa nimekifuta kwa mkono wangu mwenyewe. Nikaandika, "Kwa nini, Mungu?" Programu ikakuta anwani hiyo ina mwenyewe. Haikukataa, wala haikuniambia kwamba nilishauliza. Iliongeza namba: kwa-nini-mungu-2.

Nimeiacha hivyo. Mvua imepungua, na huko barabarani kuna mgeni anaulizia njia. Jirani anamjibu kwa sauti ya kushinda matone: nyoosha tu, ukifika kwa Mama Mandazi, pinda kushoto.