Mwili Uliopimwa Karagwe

Mwishoni mwa 1861, Mwingereza John Hanning Speke alikuwa mgeni wa Mukama (yaani mfalme) Rumanyika wa Karagwe, ufalme ambao sehemu kubwa ya ardhi yake leo imo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, Tanzania. Aliwakuta wake wa mfalme na wa wakuu wakinyweshwa maziwa tangu usichana mpaka wanenepe wasiweze kusimama, kwa kuwa hapo unene huo ndio uliokuwa uzuri. Akampima shemeji wa mfalme: mkono, mzingo wa sentimita zipatazo 58, kifua, 132. Pembeni alikaa binti wa mama huyo, wa miaka 16, akinywa maziwa mtungini huku baba yake ameshika fimbo ili asiache. Kitabu kilichobeba vipimo hivyo kilitoka 1863. Swali linalobaki ni gumu: mwili uliofinyangwa kwa ajili ya macho ya wengine bado ni wa nani?

Jibu linalokuja haraka, hasa katika nyumba za ibada, ni kwamba kosa liko katika kubadili alichoumba Mungu. Linaheshimika, lakini halitoshi. Kitabu cha Mwanzo kinasema mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu, na Mtakatifu Agostino aliutafuta mfano huo katika akili ya mwanadamu, wala si katika umbo la mwili. Qurani, katika sura ya An-Nisaa, inaonya dhidi ya kuubadili uumbaji, lakini Uislamu huohuo unahesabu kutahiri na kukata kucha kuwa sehemu ya maumbile safi. Basi dini zenyewe hazitetei mwili usioguswa kabisa. Na mwili wa namna hiyo haupatikani popote: anayesuka nywele, anayenyoa, anayetoga masikio, wote wamekwisha kujitengeneza, na hatusemi wamepoteza nafsi zao.

Naona jeraha liko mahali pengine, na Karagwe inalionyesha mara mbili katika chumba kimoja. Kwanza ni ile fimbo. Katika ufalme wa wafugaji, ambao hazina yake ilikuwa na sanamu za ng'ombe za chuma zenye pembe ndefu, mwanamke aliyejaa maziwa alitangaza ukubwa wa zizi la mumewe. Mwili wake ulisema habari za mali ya mtu mwingine, na binti aliyekuwa akijifunza kuusemesha hivyo hakuwa na nafasi ya kukataa. Pili ni kile kipimo. Speke mwenyewe anaeleza kwamba mama yule alikubali kusogea katikati ya nyumba baada ya kuahidiwa kwamba naye ataonyeshwa miguu na mikono ya mgeni ikiwa wazi. Hili halisemwi vya kutosha. Yalikuwa mapatano: naye alitaka kutazama, na alitazama. Lakini kitabu kilihifadhi vipimo vya upande mmoja tu. Alichokiona yeye, na alivyomhukumu mzungu yule mwembamba, hakikuandikwa. Hata jina lake kitabu hakikututajia. Kinachomfanya mtu kuwa mtu, na si picha, ni uwezo wa kukataa na uwezo wa kutazama naye. Uwezo wa kwanza alinyimwa na watu wa kwao, na wa pili, ingawa aliutumia, ulifutwa na kitabu.

Kuna atakayepinga kwamba wanawake wale waliuonea fahari unene wao, na kwamba leo anayejipaka mkorogo ili awe mweupe hununua kwa fedha yake bila fimbo ya mtu. Fahari ilikuwapo, nakubali, na ni kiburi kuwavua fahari hiyo watu waliokufa. Lakini hiari hupimwa kwa gharama ya kukataa. Msichana ambaye kila bango, kila video ya muziki na kila tangazo la harusi linamwonyesha mweupe kuliko yeye, na ambaye kukataa kunamgharimu uchumba au kazi, ana baba mwenye fimbo asiyeonekana. Hapo zebaki na haidrokwinoni zinaingia mwilini kwa mkono wake mwenyewe, lakini amri imetoka mbali. Tofauti yake na mrembo Mtanzania Flaviana Matata, aliyepanda jukwaa la Miss Universe 2007 akiwa amenyoa kichwa, si kwamba mmoja amejibadili na mwingine hakujibadili. Kunyoa nako ni kujibadili. Tofauti iko katika amri: imetoka kwa nani.

Ndiyo maana nathamini kazi za msanii Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi 1972. Hukata picha za majarida ya mitindo, na katika mfululizo mmoja alizibandika juu ya michoro ya zamani ya kitabibu ya uvimbe wa kizazi, hadi nyuso zilizotengenezwa kuvutia zikageuka kuwa nyuso zinazomkodolea macho mtazamaji. Mtu anaweza kusema sanaa hiyo huishia kwenye majumba ya makumbusho ya New York, mbali na Kayanga na Nkwenda, huko Karagwe na Kyerwa. Ni kweli, na ni hasara, kwa sababu hoja yake ingefaa huku kwanza. Huku nako, baadhi ya simu zinazouzwa leo hung'arisha ngozi na kulainisha uso zenyewe, papo hapo, kabla mwenye uso hajaulizwa kama anataka.