Nyati kwa Mbuni
Pale Nyakanazi, njia panda ya malori ya Rwanda, Burundi na Kigoma, mzee mmoja alinionyesha senti ishirini ya 1966: Nyerere upande mmoja, mbuni upande wa pili. Alilipwa akiwa kijana, kwa kuchunga ng'ombe. Nikampa sarafu ya mia tano, ile yenye nyati. Akacheka: "Mjukuu wangu, hii hainunui hata kiberiti!"

Sikumwambia kwamba wakusanyaji wa sarafu za zamani hutoa zaidi.

Je, nilimwibia? Mtasema tulikubaliana. Sawa, lakini makubaliano ambayo mmoja anajua bei na mwenzake hajui, ni biashara au mtego? Naiita kumbukumbu, kumbe ujana ule ni wake. Nikipita tena, nitamwambia bei. Halafu aamue mwenyewe.