Je, Adamu Alikuwa Mtu wa Kwanza?

Ndugu msomaji, miongoni mwa maswali yanayowasumbua vijana wetu wa shule, na hasa wale walioingia Uislamu karibuni kutoka Ukristo, hakuna linaloulizwa kwa hofu kuliko hili: ikiwa mwalimu wa biolojia asema kweli, habari ya Adamu itakuwaje kweli? Asubuhi kijana amefundishwa darasani kwamba viumbe vyote vimetokana na viumbe vya kale kwa mabadiliko madogo madogo yaliyochukua mamilioni ya miaka. Jioni anaambiwa kwamba Mungu alifinyanga sanamu ya udongo, akaipulizia, ikasimama kuwa mtu, na kwamba hayo yalitokea miaka elfu sita tu iliyopita. Huona hana budi kuchagua. Baadhi huiacha dini kimya kimya, na baadhi huifumbia macho elimu. Sisi twasema kwamba hakulazimishwa na Mwenyezi Mungu kufanya hili wala lile.

Kwanza tuitazame elimu yenyewe, maana si insafu kukikataa kitu tusichokijua. Charles Darwin alitoa kitabu chake juu ya asili ya viumbe mwaka 1859. Hakusema, kama wengi wanavyodhani, kwamba nyani tunayemwona leo porini alimzaa mtu. Alisema kwamba watoto wa kiumbe hawalingani kwa kila kitu. Kwamba wale wenye sifa inayowafaa mahali wanapoishi huokoka na kuzaa zaidi, hivyo sifa ile huenea. Na kwamba baada ya vizazi vingi mno aina mpya ya kiumbe hutokea. Kwa maelezo haya, mtu na sokwe ni kama watu wa ukoo mmoja waliotengana zamani sana. Mwaka 1871 aliandika pia kwamba yaelekea chimbuko la mwanadamu ni bara la Afrika.

Mifupa ya kuyathibitisha maneno hayo ilikuja baadaye, nayo ilitoka katika ardhi yetu wenyewe. Mwezi wa Julai 1959 Mary Leakey aliona huko Oldupai fuvu la kiumbe aliyeishi miaka 1,750,000 hivi iliyopita. Mwaka 1978 wenzake walifunua huko Laetoli nyayo za waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, zamani za miaka 3,600,000 hivi. Na mwaka 1984 Mkenya mmoja, Kamoya Kimeu, aliokota magharibi ya Ziwa Turkana kipande cha fuvu kilichowaongoza wenzake kwenye mifupa karibu yote ya kijana wa miaka 1,500,000 iliyopita. Wako wasemao kuwa hii ni nadharia tu. Lakini katika elimu neno nadharia si dhana ya barazani. Ni maelezo yanayounganisha mambo mengi yaliyoonekana. Mwenye kuikataa yampasa atuambie nyayo zile za Laetoli ni za nani.

Basi hiyo hesabu ya miaka elfu sita ilitoka wapi? Haikutoka katika Kurani Tukufu. Ilipatikana kwa kujumlisha umri wa mababu waliotajwa katika Biblia, na Askofu Mkuu Ussher wa Ireland, katika karne ya 17, alifikia hata kuutaja mwaka 4004 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.) kuwa mwaka wa kuumbwa ulimwengu. Waislamu wengi waliipokea habari hiyo kutoka kwa majirani zao, kisha wakaitetea kana kwamba ni yao.

Sasa tufungue Kurani Tukufu. (Sisi huhesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza, mwenye nakala isiyoihesabu apunguze moja.) Katika Sura 71:15 na 71:18 Nabii Nuhu (a.s.) anawakumbusha watu wake kwamba Mungu amewaumba kwa hatua mbalimbali, na kwamba amewaotesha kutoka ardhini kama mimea inavyoota. Sanamu haioti, ndugu msomaji. Sanamu hufinyangwa kwa siku moja. Sura 24:46 yasema kila mnyama ameumbwa kwa maji, kisha yataja watambaao kwa tumbo, waendao kwa miguu miwili na waendao kwa minne. Nayo Sura 76:2 yatukumbusha kwamba ulimpitia mwanadamu muda mrefu ambao hakuwa kitu cha kutajwa.

Lakini aya ambayo mtafuta ukweli aizingatie kuliko zote ni Sura 7:12. Hapo Mwenyezi Mungu anazungumza na wanadamu kwa wingi: amewaumba, kisha akawapa sura, na baada ya hapo ndipo akawaambia malaika wamtii Adamu. Ona mpango wa maneno. Wanadamu wametajwa kwanza, na Adamu baadaye. Tena katika Sura 2:31 hatusomi kwamba Mungu atamfanya mtu wa kwanza. Twasoma kwamba atamweka khalifa katika ardhi. Malaika nao wanauliza juu ya kumwaga damu. Damu ya nani, ikiwa hapakuwa na mtu? Na khalifa atawekwa juu ya nani, ikiwa ardhi ni tupu? Kisha katika Sura 2:39 amri ya kutoka katika bustani imetolewa kwa lugha ya wengi: tokeni nyote. Adamu alikuwa na watu.

Ndiyo maana twaamini kwamba Nabii Adamu (a.s.), aliyeishi miaka elfu sita hivi iliyopita, alikuwa mtu wa kwanza kupewa wahyi wa sheria katika zama hizi zetu, wala hakuwa mtu wa kwanza kuvuta pumzi. Hatukuyatunga haya ili kuwapendeza wataalamu. Mwezi wa Mei 1908, siku chache kabla ya kufariki kwake, Masihi Aliyeahidiwa (a.s.) alitembelewa mjini Lahore na Profesa Clement Wragge, Mwingereza mtaalamu wa hali ya hewa, akaulizwa jambo hili hili. Alijibu kwamba hatuifuati Biblia katika kudai kuwa dunia ilianza na Adamu huyu, wala hatudai kwamba watu wa kila bara ni uzao wake. Ilikuwa miaka 51 kabla ya fuvu la Oldupai kuonekana. Na karne nyingi kabla yake, Sheikh Muhyiddin Ibn Arabi alisimulia njozi aliyoiona akitufu Al-Kaaba, ambamo mtu mmoja wa kale alimjulisha kwamba walikuwako Maadamu wengi kabla ya huyu tumjuaye.

Wengine husema mabadiliko haya yametokea kwa bahati tu, hivyo Mungu hahitajiki. Hapo tunaachana nao, lakini tuachane nao kwa adabu na kwa hoja. Si vizuri kuitafuta kazi ya Mungu katika yale tu ambayo wataalamu hawajayaeleza, maana kila wakieleza jambo moja, Mungu wa namna hiyo hufukuzwa chumba kingine. Muumini husema kwamba kanuni yenyewe ni kazi Yake, na hatua zote ziko mkononi Mwake. Khalifa wa Nne, Hadhrat Mirza Tahir Ahmad (r.h.), alilijadili jambo hili kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1998 juu ya wahyi, akili, elimu na ukweli.

Liko shaka jingine, nalo kwa Mwafrika ni zito zaidi. Mwezi wa Septemba 1906, katika bustani ya wanyama ya Bronx huko New York, mtu wa Kongo aitwaye Ota Benga aliwekwa katika nyumba ya nyani, watu wakaja kumtazama. Wachungaji weusi wa mji ule waliinuka kupinga, naye akatolewa. Alijiua mwaka 1916. Mwaka huo huo Madison Grant, katibu wa chama kilichoendesha bustani ile, alitoa kitabu cha kuyapanga mataifa kwa ubora wa damu. Je, tumlaumu mzee anayesikia neno mageuko akahisi anatukanwa? Hatumlaumu. Lakini dhuluma ile haikutoka katika mifupa. Ilitoka katika kiburi cha watu waliosema kwamba mwenye nguvu ana haki ya kumkanyaga dhaifu kwa kuwa porini ndivyo ilivyo. Mifupa yenyewe imewakanusha, maana leo wataalamu husema asili ya wanadamu wote, na huyo Grant pia, ni Afrika. Chama kile kiliomba radhi mwaka 2020.

Hapa ndipo mafundisho ya Masihi Aliyeahidiwa (a.s.) yanapotufaa. Katika makala yake iliyosomwa Lahore mwezi wa Desemba 1896, ambayo twaijua kwa jina la Falsafa ya Mafundisho ya Islam, alieleza hali tatu za mwanadamu: ya maumbile, ya tabia njema, na ya kiroho. Hali ya kwanza hakuikana. Hasira, tamaa, huruma kwa watoto, vyote hivi wanyama wanavyo; kuku humrukia mwewe kwa ajili ya vifaranga wake, wala hatumwiti shujaa. Maumbile hayo huwa tabia njema yanapotumiwa kwa akili, mahali pake na kwa kiasi chake. Kisha mtu huyo hupanda hadi amwone Mola wake. Basi akiambiwa kwamba mwili wake umepitia hali ya mnyama, muumini ashtuke nini? Kila siku anapigana na mnyama huyo. Ota Benga aliwekwa pamoja na nyani, lakini waliokuwa bado katika hali ya kwanza ni wale waliosimama nje wakicheka.

Nimebakisha swali moja ambalo wanaoingia kutoka Ukristo huliuliza sana: je, Hawa aliumbwa kwa ubavu wa Adamu? Kurani Tukufu haisemi hivyo popote. Hadithi inayotaja ubavu imo katika wasia wa Mtume Mtukufu (s.a.w.) juu ya kuwatendea wanawake wema: ubavu umepinda, na atakayetaka kuunyosha kwa nguvu atauvunja. Ni maneno kwa waume, si somo la biolojia. Na mwanafunzi akiulizwa katika mtihani habari za Oldupai na Laetoli, aandike alivyofundishwa, wala hana haja ya kutubu akitoka chumbani.